Treni Kwenda, Basi Kurudi

Chumba 618
9 Machi, asubuhi

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumai umeamka salama na bahari haikukusumbua. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, amekunywa chai vikombe viwili na anakusalimu, ingawa chumba chake kiko katikati yetu na ungeweza kumsalimu mwenyewe.

Barua hii nimempa mhudumu wa vyumba akuletee, kwa sababu niliapa sitakusemesha, na mimi nikiapa nimeapa. Maskini wa watu ameniuliza kama chumba 614 kina mgonjwa wa kuambukiza. Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani.

Sasa niingie kwenye shida yangu. Jana kwenye kaunta ya matembezi hapa melini ulimwandikisha mama mashua ya kioo. Nani alikutuma? Mtu amekaa juu ya maji siku sita, tukifika nchi kavu unamrudisha majini akatazame samaki? Lile karatasi la matembezi mama hajaliachia tangu jana, na amelikunja mahali pamoja tu: treni na basi, milimani, kutwa nzima. Baba alikuwa gadi wa treni miaka thelathini na mmoja na mama hajapanda treni hata siku moja, kwa kuwa kila safari kulikuwa na mtoto wa kubaki naye. Watoto wenyewe ni mimi na wewe. Safari hii Chama cha Wajane wa Reli kimempa yeye. Sisi ni wasindikizaji tu, hata wewe na vyeti vyako.

Jina lake nimeshalifuta kwenye mashua. Atapanda treni, na atapanda na mimi.

Mdogo wako

*

Chumba 614
9 Machi, jioni

Kwako Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hata kwenye karatasi shikamoo yako nimeisikia imetoka kwa kubana meno. Mimi ni mzima, na ugonjwa wa kuambukiza sina. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na tatu, kumi na miwili kati yake mkuu wa wodi, ningeujua.

Hebu nikuulize. Umepima urefu wa ngazi za hilo behewa? Umeuliza choo kiko wapi? Mimi nimeuliza. Kiko kimoja, mwisho kabisa, mlango wake mwembamba, na mama ana miaka sabini na tisa na magoti mawili mabovu. Hayo wewe huyaulizi. Wewe ni wa kukadiria kwa jicho, ndiyo maana magauni yako yanabana kwapani.

Lakini na mimi nimeliona hilo karatasi lilivyokunjwa. Sawa, treni. Ila atapanda na mimi, kwa sababu najua unachokitafuta. Siku ya mwisho ya safari mama atatuambia anahamia kwangu au kwako, na wewe unataka kutwa nzima ya kumlainisha kwenye kiti cha dirishani. Nyumba yake inaachwa mwisho wa mwezi. Vyombo vyake nimevifunga kwenye maboksi kwa mikono yangu, na wewe hukuonekana. Halafu unataka akaishi juu ya duka la cherehani, ngazi kumi na tisa, kila akitaka jua ashuke kwa matako?

Na usinitajie viapo. Wa kuapa nilikuwa mimi. Ulisimama siku ya kuagwa kwangu kazini, keki mkononi, ukawaambia wauguzi wenzangu kwamba dada yangu amepima mapigo ya watu maisha yake yote na hajawahi kumshika mtu mkono. Walicheka. Bado nawasikia.

Dada yako

*

Chumba 618
10 Machi, asubuhi

Kwako Dada,

Shikamoo. Umeamkaje? Sisi wazima.

Nilichosema nilikisema. Na wewe wiki moja kabla ya hapo ulisema aliyeshindwa kumweka mume hawezi kumweka mama. Hukusema mbele ya watu, ni kweli. Ulisema mbele ya mama, na hilo limeniuma kuliko kama ungesimama na kipaza sauti sokoni.

Tuyaache. Nimetoka kuzungumza na binti wa kaunta, na kuna jambo hatukulijua. Abiria wanagawanywa makundi mawili. Wenye stika nyekundu wanapanda mlima kwa treni na kurudi kwa basi. Wenye stika ya njano wanapanda kwa basi na kurudi kwa treni. Wanakutana stesheni ya juu, wanakula, wanabadilishana. Nikamweleza mama. Akasema, "Basi hapana. Mimi nataka treni kwenda na treni kurudi." Nikamwambia mama, haiwezekani, ndivyo walivyopanga. Akanitazama tu, na lile jicho unalijua.

Kwa hiyo sikiliza, na usinijibu kwa hasira kabla hujamaliza kusoma. Mimi nichukue nyekundu, wewe njano. Mama apande na mimi kwa treni. Kule juu abadilishe stika, ashuke na wewe kwa treni. Yeye atapata treni yake yote, sisi kila mmoja atapata nusu ya siku. Na mimi na wewe hatutakaa chombo kimoja hata dakika moja. Hilo nadhani litakufurahisha kama linavyonifurahisha mimi.

Mdogo wako

*

Chumba 614
10 Machi, mchana

Kwako Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi pia wazima. Nimekubali, kwa ajili yake, si kwa ajili yako.

Ila sitaki tuonane. Mkimaliza kula, saa nane kasoro robo mkalishe kwenye benchi lililo chini ya saa ya stesheni, lile linaloonekana kwenye picha. Mbandike stika ya njano, kisha uende zako kwenye basi. Mimi nitakuja saa nane kasoro dakika kumi. Dakika tano anaweza kukaa peke yake, si mtoto. Kiongozi wa kundi lako mwambie kwamba mama anahamia kwetu, wasije wakahangaika kumtafuta. Kidonge chake cha mchana ni baada ya chakula. Narudia, baada.

Na usimjaze maneno njiani. Nitajua.

Dada yako

*

Chumba 614
11 Machi, saa kumi na moja kasoro robo

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali. Umeshinda, hongera.

Nilifika pale saa nane kasoro dakika kumi kamili. Benchi tupu. Wala sikushangaa. Nilijua papo hapo kwamba umeondoka naye kwa basi. Umemnyima mama yako mzazi treni ya kurudi, kitu alichokitamani maisha yake yote, ili tu mimi nisipate nusu yangu. Kiongozi wetu akaniuliza mama yuko wapi. Nikamwambia amerudi na wenye basi, twende. Nimekaa saa mbili karibu na kiti kitupu cha dirishani. Watu wanapiga kelele maporomoko hayo, daraja hilo, mimi sikuona kitu. Nilikuwa napanga maneno ya kukuambia, na yote nimeyasahau kwa hasira.

Sasa hivi mhudumu amegonga ananiuliza kama mama yuko kwangu, eti kadi yake haijasomwa mlangoni mwa meli. Nikamwambia nenda 618, ndiko aliko aliyemteka. Usinichezee shere zaidi ya hapo. Mlete mama nimpime presha.

Dada yako

*

Chumba 618
11 Machi, saa kumi na moja

Dada,

Mama yuko wapi?

Mhudumu alikuja na kwangu na swali hilohilo. Nikamjibu mama yuko 614, asinisumbue. Kisha akanipa barua yako.

Nilimkalisha kwenye benchi kama ulivyoandika. Nikambandika stika, nikamfunga kifungo cha juu cha sweta kwa sababu kulikuwa na upepo. Nikaondoka, sikugeuka nyuma. Kiongozi wangu nilimwambia anarudi kwa treni. Kiongozi wako ulimwambia amerudi kwa basi. Hakuna mtu duniani anayemtafuta mama yetu, na meli inang'oa nanga saa kumi na mbili.

Toka. Niko mlangoni kwako.

Mdogo wako

*

Chumba 618
13 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo. Sijui hali yako maana tangu juzi hatujaonana. Mimi si mzima sana. Chakula hakipiti.

Bado naona aibu kwa tulivyosimama pale mapokezi. Mama kapotea mlimani, sisi tumesimama bega kwa bega mbele ya ofisa, na wewe unamwambia, "Mwambie huyu asilie, aeleze." Na mimi namwambia, "Mwambie huyu nalia ninavyotaka." Yule ofisa alikuwa anageuza shingo huku na huku, kisha simu ya stesheni ikalia, akatuita ofisini mmoja mmoja. Sijui mama alikuambia nini. Mimi nitakuambia alichoniambia, kwa sababu nikikaa nacho peke yangu kitaniua.

Alisema yuko salama kwa mwanamke anayekata tiketi. Alikwenda msalani mara tu nilipoingia kwenye basi, na aliporudi mkata tiketi akamkaribisha akae dirishani kwake asipigwe na upepo. "Nilikuona unavyokwenda," akasema. "Nikajiambia, huyu atageuka. Ukafika kwenye basi, hukugeuka."

Nikamwambia mama, tunashuka melini sasa hivi, tunakufuata. Akasema, "Mkishuka nyinyi, mimi napanda." Kisha akasema wakala wa meli atamrudisha nyumbani. Nikauliza, nyumbani kwa nani? Akasema, "Kwangu. Kwani nilikuwa sina?"

Najiona nina kosa, na wewe nakuona una kosa kubwa zaidi. Hilo halijabadilika.

Mdogo wako

*

Chumba 614
13 Machi, jioni

Kwako Mdogo wangu,

Marahaba. Kunywa supu, hata kama chakula hakipiti. Siandiki kama dada, naandika kama muuguzi.

Mimi aliniambia hivi. Aliniona nikija. Nikatazama benchi, nikatazama saa, nikabana midomo, nikapanda treni. Akasema, "Pale palikuwa na mfagizi, palikuwa na mkata tiketi, palikuwa na kiongozi wenu. Hukumwuliza hata mmoja wao, mama yangu yuko wapi."

Wodini kwangu mgonjwa hakuwahi kupotea. Hata mmoja.

Tukifika bandarini nitateremka kwa ngazi ya nyuma. Wewe pita ya mbele.

Dada yako

*

2 Aprili

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta mzima. Najua hukuitarajia.

Nadhani na wewe amekupigia simu. Mimi aliniambia nije Jumanne, na kwamba Ijumaa ni yako, ili tusikutane mlangoni kwake tukamharibia siku. Jana nimekwenda. Kwanza ujue, jirani yake ameniambia maboksi yako ameyafungua yote. Sufuria ziko ukutani, na mkataba wa nyumba ameuongeza mwaka mzima bila kutuuliza. Hahamii kwako wala kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita na wewe, sikujiandaa kwa hilo.

Alifungua mlango kiasi cha kuonekana jicho, mnyororo umefungwa. Nikamwamkia, akaitika vizuri. Akaniuliza hali, nikamwambia. Kisha akauliza, "Dada yako hajambo?" Nikasema sijui, mama. Akasema, "Basi nenda ukamuulize, kisha urudi." Akafunga. Nimesafiri saa tatu, dada, na kitambaa cha pazia lake mkononi, nikaambiwa hivyo mbele ya jirani anayeanika nguo.

Kwa hiyo nakuuliza. Sijakusamehe, usije ukajidanganya. Lakini hujambo? Jibu sawasawa, maana najua hatakubali neno moja.

Mdogo wako

*

5 Aprili

Kwako Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma nimesimama.

Hukuwa wa kwanza kufungiwa. Ijumaa ile kabla ya Jumanne yako nilikwenda na kipimo cha presha na machungwa. Akauliza, "Mdogo wako hajambo?" Mimi nikasema uongo. Nikasema hajambo mama, tumeongea jana, anashona. Akasema, "Anashona nini?" Nikasema nguo. Mdogo wangu, alinicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaufunga mlango polepole, machungwa nikarudi nayo. Na jana nimekwenda tena, nikakuta mnyororo uleule, swali lilelile. Sikuthubutu kudanganya mara ya pili. Nikageuka nikaondoka.

Umeuliza hali yangu. Mwambie mama sijambo, mguu wa kulia unavimba kidogo jioni, dawa natumia. Wewe nakuambia na lingine. Tangu nistaafu naamka saa ileile, napiga pasi sare yangu, naivaa mpaka viatu, kisha nakaa kitandani kwa sababu hakuna wodi inayoningoja. Naivua kabla watu wa nyumba hii hawajaamka. Hilo usimpelekee mama.

Sasa na wewe nijibu, na si kwa sababu nimekukumbuka. Unashona nini siku hizi? Ni kwa ajili ya nani, na rangi gani? Lile jicho lako la kushoto bado linatoa machozi ukitunga uzi? Unakula na nani? Andika kwa kirefu, usinifiche kitu, maana yule mama anahoji kuliko polisi, na Ijumaa nataka kuingia ndani.

Dada yako