Jezi Nyekundu ya Litia

Lomaloma,
Vanua Balavu,
Fiji.
Jumanne, 14 Agosti

Mpendwa binamu na mtani wangu Siosaia,

Pokea salamu za watu wa upande wa mama yako, sote tuliobaki. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Mkeo Losaline naye hajambo? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba sukari imempanda na daktari amemkataza nyama ya nguruwe. Mpe pole sana. Najua kwenu hiyo ni sawa na kumkataza mtu kwenda kanisani.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Mvua imepita kiasi, taro zimeoza shambani, hasa zile za upande wa kijito. Meli ya mbata imechelewa, kwa hiyo unga na mafuta ya taa havipatikani dukani. Mikeka mliyotuma kwa ajili ya msiba ilifika salama, na binti yangu Kelera alilia alipoona kazi ya mikono ya Losaline. Tunawashukuru.

Sasa, Siosaia, mwezi jana nyinyi Watonga mlitufunga kwenye raga. Nilikaa nikingoja barua yako ya matusi kama ilivyo desturi yetu. Ikaja barua ya adabu tupu, unaniuliza kama nalala vizuri. Tangu tuanze kuandikiana, mwaka wa thelathini na sita huu, hujawahi kuniuliza ninavyolala. Hapo nilijua unanihurumia, na huruma yako imeniuma kuliko kufungwa.

Ubishi huu tuliukuta. Babu alikuwa akisimulia habari za mwaka 1924, Fiji ilipokuja kwenu mara ya kwanza na watu wakacheza peku. Mechi moja mkachukua nyinyi, moja tukachukua sisi, na ya tatu hakuna aliyemfunga mwenzake. Babu aliapa kwamba alicheza. Baba yako aliapa kwamba babu alibeba maji ya wachezaji. Waliyabishania maji hayo mpaka wakazikwa, na katikati ya ubishi huo shangazi Unaisi aliolewa kwenu, ukazaliwa wewe.

Tangu hapo kila Tonga na Fiji wakikutana, nyumba iliyofungwa hutuma fungu la mizizi ya kava ya kutwanga na kunywa, na nyumba iliyoshinda hutuma matusi. Nyinyi mnasema tunapasiana mpira kama watu wanaoogopa kukutwa nao. Sisi tunasema mnaimba vizuri kuliko mnavyokimbia. Matusi yako yote nimeyatunza kwenye kopo la biskuti. Juzi niliyasoma tena, na kwa mara ya kwanza sikucheka.

Nataka nikukumbushe jambo ambalo hatujawahi kulizungumza. Ulikuja hapa mwaka wa kile kimbunga, Emosi wangu akiwa na miaka kumi. Wewe ni vasu, mpwa wa kijiji hiki, na mpwa akinyoosha kidole kwa kitu cha wajomba zake hakuna wa kumkatalia. Safari iliyotangulia uliondoka na mtumbwi wangu mpya na sikusema neno. Basi siku ile watoto walikuwa wakicheza raga ufukweni kwa nazi kavu. Ulimtazama Emosi akiwapita wote, ukaangua kicheko.

“Vilikesa, huyo mwenye masikio ni wangu. Namchukua akasome Tonga, tumfundishe mpira wa wanaume.”

“Mchukue,” nikakujibu. “Anakula huyo! Mtakoma wenyewe.”

Tulicheka wote. Litia, mama yake Emosi, alikuwa mlangoni anakuna nazi, akaendelea kukuna. Ulipokwenda kuoga ndipo akaniuliza, “Amekuomba mtoto, au amekuomba kuku?” Nikamwambia mpwa hakataliwi, na kwamba shule za kwenu ni nzuri. Wiki ile ile mkapanda meli.

Sikulaumu, Siosaia. Ulimlea vizuri na haki ilikuwa yako. Neno la kumtoa lilikuwa langu, nami nililitoa nikicheka. Litia hakulirudia tena swali lile. Alijua kama nijuavyo mimi kwamba kilichochukuliwa na mpwa hakidaiwi.

Miaka mitatu iliyopita mlimleta Emosi Suva na jezi yenu nyekundu, namba kumi na nne. Mimi na Litia tulisafiri siku mbili baharini kwenda kumwona. Nilivaa fulana nyeupe ya Fiji kama kila mtu. Litia alivaa sweta jeupe, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, na jua lilikuwa kali mno. Nilimuuliza kama ana homa. Akasema upepo wa Suva haumfai.

Tulipata nafasi kwenye kamba, karibu kabisa na wachezaji. Mlipocheza ngoma yenu ya vita Emosi alikuwa mstari wa mbele, mapaja kama nguzo za nyumba, na moyo wangu ulijaa. Sikumwambia mtu. Kipindi cha pili wakampa mpira, mbele yake hakuna mtu, zimebaki hatua tano kufika mstarini. Mpira ukamponyoka. Uwanja mzima ukacheka, na ule ulimi wangu wa kukutania wewe ukatoka wenyewe. Nikapaza sauti.

“Mikono ya kwaya hiyo! Mpandisheni meli arudi kwao!”

Waliokuwa karibu nami walishika mbavu. Kwako wewe hayo ni maneno ya kila siku, ungenijibu makubwa zaidi. Lakini mtu humtania binamu yake, hamtanii mwanawe. Niliona jezi nyekundu, nikamwona Mtonga, nikampigia kelele kama mtoto wa watu. Emosi aligeuka huku anatabasamu, akitafuta ni mtani gani huyo. Akaniona mimi.

Tulishinda. Litia alikuwa analia, nami nikadhani ni furaha.

Baada ya mechi Emosi alikuja kwenye kamba. Alimwinamia mama yake, wakakumbatiana, akapokea kikapu cha samaki wa nazi, akamshukuru kwa Kitonga. Mimi alinipa mkono. “Wasalimie huko kwenu, mzee,” akasema, akaenda kupanda basi la timu. Hajaniandikia tangu siku ile. Mama yake alimwandikia kila Krismasi, naye alijibu, na mwishoni mwa barua zake hapakuwa na salamu zangu. Litia alinisomea akiruka mwisho ili nisigundue. Niligundua.

Mwezi wa Aprili mwaka huu Litia alianza kuumwa kifua. Katika siku zake zote za kitandani aliniuliza jambo moja tu kuhusu mpira, mechi ya Tonga ni lini. Nikamwambia Julai. “Ni mbali,” akasema. Tulimzika tarehe mbili Juni. Telegramu yangu uliijibu kesho yake. Emosi hakujibu.

Mechi ya mwezi jana niliisikiliza kwa Apenisa, kaka yake Litia, wanaume tumelizunguka bakuli la kava. Unajua mdomo wa Apenisa, ni shemeji yangu na mtani wangu, hajawahi kunisamehe siku ya mechi. Dakika za mwisho mtangazaji akasema winga wa Tonga, namba kumi na nne, anakwenda, anakwenda, trai! Jina la mwanangu alilitamka vibaya. Hakuna aliyecheka mle ndani wala aliyetukana. Wote waliinamisha macho kwenye mikeka, Apenisa naye, wakinionea haya. Nikaaga. Nilipofika kwangu nikasema, “Litia, amefunga,” kabla sijakumbuka kwamba nyumba haina mtu.

Ningeishia hapo na kunyamaza. Lakini wiki iliyopita Kelera alifungua sanduku la mama yake kutafuta vitambaa vya siku ya mia ya msiba. Chini kabisa akakuta jezi nyekundu. Si ya dukani. Litia aliikata kutoka kwenye gauni lake la kanisani, lile la Pasaka, akaishonea mgongoni kumi na nne kwa uzi mweupe. Ile nne imepinda. Kwenye makwapa ina alama za jasho.

“Baba,” Kelera akaniambia, “hii ndiyo mama aliivaa Suva.”

Ndani ya sweta, Siosaia. Alisimama ubavuni pangu na jezi ya mwanawe mwilini, akanisikia nikipiga kelele arudi kwao. Miaka yote ile nikiitukana Tonga wakati wa chakula, mke wangu alikuwa upande wenu kwa sababu mtoto wake alikuwa upande wenu. Hakuniambia kwa sababu alijua ningemfanyia utani. Na kweli ningemfanyia. Nililia mpaka Kelera akatoka nje.

Ndiyo sababu ya barua hii. Mchungaji Setareki, aliyekuletea, amekuja Nuku'alofa kwa mkutano wa kanisa. Amebeba jino la nyangumi lililokuwa la babu. Nakuomba ulishike kwa mikono miwili, ukae chini mbele ya Emosi, umpe kwa niaba yangu kama tunavyompa mtu tuliyemkosea. Najua baba hampelekei mwanawe jino. Wazee wa hapa wameniambia hivyo, kwamba ninajidhalilisha. Waache waseme.

Siombi umrudishe. Ulichochukua ni chako, na sitakuwa mjomba wa kwanza kijijini hapa kumdai mpwa. Naomba ajue tu kwamba kwao ni hapa, na kwamba aliyetamka neno lile alikuwa mpumbavu, hakuwa adui. Mwambie pia kwamba yeye naye ni vasu, kwa Apenisa na watu wa mama yake. Kuna kitu kimoja kwenye sanduku hilo ambacho hakuna mwingine mwenye haki ya kukichukua. Kelera alitaka kukifua, nikamkataza.

Siku ya mia tangu maziko itaangukia tarehe kumi Septemba. Siku hiyo tutavua nguo za msiba, nami nitanyoa ndevu hizi ambazo zimenifanya nifanane na mbuzi wa misheni. Meli ya kuja huku itaondoka Suva tarehe tano. Akikataa kulipokea jino, usimlazimishe. Na tafadhali, ukiwa mbele yake usifanye mzaha hata kidogo, ingawa najua utapata taabu.

Fungu la kava la mechi ya mwezi jana limo kwenye mzigo wa mchungaji. Nimechagua mizizi minene, msije mkasema tumefungwa tukawa na choyo.

Nisalimie Losaline, Feleti na mkewe, na yule mjukuu mliyempa jina la mama yako. Kelera anawasalimu. Apenisa anawasalimu pia, na anasema ile trai mpira ulirushwa mbele, refa ni kipofu. Nimefurahi kumsikia akisema hivyo.

Mungu awaepushe na kimbunga mwaka huu, ampe Losaline nafuu, na akuongoze ulimi siku utakapokaa mbele ya mtoto wetu.

Neno moja la mwisho. Emosi akikubali kupanda meli, usiniandikie barua nyingine ya adabu. Nipigie telegramu ya tusi, tusi lolote, hata la neno moja. Posta hufunguliwa saa mbili asubuhi. Kila siku mpaka tarehe tano utakuwa unajua nilipokaa.

Ni mimi mtani wako mliyemfunga, nikupendaye,
Vilikesa