Kidole cha Mama Kwenye Barua za Uingereza

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usitaje jina langu, kwa kuwa kaka yangu, ambaye hapa nimemwita Kasiani, yuko Uingereza kwa masomo ya ualimu na ametuambia kwamba wenzake huletewa gazeti hili kwa meli.

Mama yetu hakujua kusoma, basi tangu kaka aondoke mwaka juzi mimi ndiye niliyemsomea barua na kuandika majibu, yeye akisema huku anachambua maharage, na tukimaliza alipaka dole gumba masizi ya chungu akaligandamiza chini ya karatasi, akisema, "Pasipo kidole changu, si maneno yangu," maana alidhani nitapunguza ukali wake. Kaka aliandika kwamba kule watu hukaa bega kwa bega ndani ya basi bila kusalimiana, kwamba alimwinamia bibi mmoja kumwamkia, bibi akadhani ameangusha kitu na wakakitafuta wote wawili, kwamba akiulizwa darasani kama anaona baridi hujibu hapana, naye amevaa suruali mbili, na mama akasema, "Mwandikie avae ya tatu, mjinga huyo, nani atamfunua?"

Mama alifariki mwezi wa Januari kwa ugonjwa wa kifua. Baada ya matanga nilitaka kumwandikia kaka, lakini mjomba, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, akasema, "Mtihani ni Juni. Akilia kule nani atamshika? Ataambiwa akishuka melini." Nikatii. Kisha ikaja barua ya kaka akimwuliza mama habari za kifua, na mimi, mshauri, sijui nilipatwa na nini, nikajibu kama mama, nikapaka masizi dole langu mwenyewe nikaligandamiza, na sasa nimefanya hivyo mara tatu, na nisikudanganye, nilipenda, maana saa ile ya kuandika namsikia mama kama yupo jikoni.

Barua ya mwisho imefika juzi. Kaka ameandika: "Mama, siku hizi umekuwa mpole, hunigombezi. Nimeitazama alama ya kidole chako penye mwanga wa dirisha, naona lile kovu la mundu limepona. Usijisumbue kunijibu upesi. Mwambie mdogo wangu ale vizuri." Hakuuliza neno lolote. Mama alijikata na mundu kabla mimi sijazaliwa, kovu lilipita katikati ya dole, nami sikulikumbuka. Nikimwambia nitamharibia mtihani na kumvunjia mjomba heshima, nisipomwambia naendelea kumtia mama maneno mdomoni. Nifanye nini?

Mwandishi wa Mama, Mgeta

Marahaba, binti yangu, na pole kwa msiba.

Umekosa. Mama yako aliweka sharti moja tu juu ya barua zake, nawe ulivunja hilo hilo. Nimeandika habari za watu kwa miaka ishirini na miwili na nimeona uongo wa kila namna. Huu wako umetokana na mapenzi, na hilo linapunguza kosa, haliliondoi.

Sasa soma tena barua ya kaka yako, polepole, kana kwamba ni ya jirani. Kovu lililokuwapo kabla hujazaliwa haliponi kati ya Krismasi na Kwaresima, naye hilo analijua. Mtu aliyekuwa akiuliza habari za kifua ameacha kuuliza. Anaogopa jibu. Na salamu zake za mwisho amekuletea wewe. Kaka yako anajua, au amebakiza kidogo sana kujua, na jambo hilo analibeba peke yake mahali pasipo na mtu wa kumpa pole. Mjomba aliuliza nani atamshika akilia. Ni swali zuri, ila kwa sasa kimya chenu ndicho kinachomzuia mtu yeyote asimshike.

Fanya hivi. Kesho asubuhi nenda kwa mjomba, umwamkie, umsomee maneno ya kovu bila kuongeza lako. Mwombe aseme yeye kwanza, wewe uandike. Akikataa, andika hata hivyo, na lawama aniletee mimi hapa ofisini. Taja siku aliyofariki mama, nani alikuwa naye, amezikwa wapi, na neno la mwisho alilosema juu ya Kasiani, hata kama lilikuwa la kumgombeza. Usipambe. Kisha kiri zile barua tatu. Padri wa misheni yenu aitume kwa padri wa kanisa anakosali kaka yako, amkabidhi mkononi na kuketi naye, asiisome peke yake chumbani.

Jina lako nimelificha. Kidole sikuweza kukificha, na Kasiani akisoma hapa atakitambua. Ndiyo maana jibu hili nilikupelekea kwa posta kabla ya kulichapa. Gazeti litakaa baharini wiki tano. Barua ya ndege hufika kwa siku nane. Ulitangulie gazeti.

Na mwisho wa barua hiyo usipake masizi. Andika jina lako.