Papa, nimelifuta jina lako kwenye orodha ya labo

Mpendwa Papa,

Mwezi wa tatu sasa ninatembea na hasira, na nyumbani sina mtu wa kumwambia. Mama ana tansio, presha yake hupanda. Akisikia nilichokuta kwenye kituo chako cha afya atalia hadi tumpeleke hospitali. Kaka zangu watasema niache kazi. Kwa hiyo ninakuandikia wewe, na barua ninaiacha wazi, anayetaka aisome, maana jambo lenyewe si siri ya familia yetu.

Ulipofariki nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kumaliza shule ya uuguzi. Nilimaliza, Papa. Mama alivaa kile kitenge cha kijani ulichomletea kutoka Butembo, akapiga vigelegele peke yake, watu wakageuka kumwangalia.

Ndugu zako wote walikuwa wafanyabiashara, watu wa malori na safari ndefu, na walikucheka kwa kuchagua chumba kidogo cha labo, yaani maabara, pale Majengo. "Anasoma mate ya batu," baba mkubwa alikuwa anasema kila tukikutana Noeli. Wewe ulicheka nao. Hukuwahi kuwaeleza kwamba si mate, ni makohozi. Mimi ndiye uliyenieleza, Jumamosi zile ulizonichukua kazini nikiwa na miaka tisa, kumi. Ulimtoa mgonjwa nje, nyuma ya jengo, penye upepo, juu ya yale mawe meusi, ukampa kikopo na kumwambia avute pumzi mara mbili na akohoe kutoka chini kabisa. Halafu ukampa mgongo. Nilikuuliza kwa nini unageuka. Ulisema, "Mutu mukubwa haangaliwe akitema. Ni haya kwake."

Siku moja ulinipandisha juu ya kiti, nikatazama ndani ya hadubini. Mwanzoni niliona rangi ya bluu tu. Ukaniambia ningoje, nisipepese macho. Ndipo nikaviona: vijiti vyekundu, vyembamba, vimelala ovyo kama vimeanguka. Nilifikiri ni vizuri. Ukasema, "Ile ni mama ya batoto ine." Ukafunga kitabu, ukavaa koti, tukatoka wote wawili kwenda kumtafuta huyo mama wa watoto wanne nyumba kwa nyumba kwa sababu hakuwa amerudi kuchukua jibu. Tulimpata anafua. Ulimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ugonjwa wake umejulikana, ni kifua kikuu, na dawa iko. Alikaa chini juu ya beseni lililogeuzwa, akashika kichwa. Wewe ukakaa chini pamoja naye. Sijui mlikaa muda gani. Najua njaa iliniuma na sikuthubutu kusema.

Basi. Miezi mitatu iliyopita niliomba likizo ya zamu zangu za hospitali, nikapata kazi ya muda ya ofisi ya kifua kikuu: kuzunguka vituo vya afya vya mji, kuanzia kwetu hadi kule Lac Vert, na kuangalia kama vina uwezo wa kumtibu mgonjwa wa kifua kikuu. Tulipewa fishi, yaani karatasi za maswali, na kila swali lina viboksi viwili, ndiyo na hapana. Nilifurahi. Nilifikiri: hatimaye kuna mtu anauliza.

Kituo chako kilikuwa cha saba kwangu. Sikuwa nimekanyaga pale tangu mazishi. Wafanyakazi wa wakati wako wameondoka, wengine kwa vita, wengine kwa kuchoka kungoja mshahara. Titulaire, yaani muuguzi mkuu, ni kijana wa Masisi anaitwa Baraka. Yuko na muuguzi mmoja tu wa kumsaidia, na siku ile watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi mpaka nje. Hakujua mimi ni nani. Alinikaribisha vizuri, akanifungulia labo.

Fishi inauliza: kituo kina hadubini inayofanya kazi? Nilitoa ule mfuko wa plastiki ulioifunika, nikaiwasha. Taa ikawaka. Ndiyo. Fishi inauliza: rangi za kupima makohozi zipo? Chupa zilikuwa pale kwenye rafu, zimejipanga. Nilichukua ile ya rangi nyekundu, nikaitikisa. Ilikuwa imekauka hadi chini, kama matope ya kiangazi. Lakini fishi haiulizi kama ndani kuna kitu. Inauliza kama ipo. Fishi inauliza: kuna mtu wa labo aliyepata mafunzo? Titulaire akanionyesha ukutani, kwenye orodha ya wafanyakazi iliyowekwa ndani ya plastiki na muhuri chini yake.

Mtu wa labo wa kifua kikuu: wewe. Jina lako lote, Papa, limeandikwa kwa mashine, bila kosa hata moja.

"Huyu eko wapi?" nikamuuliza.

Akaangalia chini. "Alitoka kidogo."

"Alitoka kuenda wapi?"

Akaanza kufuta vumbi kwenye plastiki ya orodha. Nikamwambia, "Titulaire, huyu ni baba yangu. Nilitupa udongo kwenye kaburi lake."

Yule kijana alikaa kwenye kiti chako. Halafu akaniomba msamaha, na mara moja, kabla sijamjibu, akaanza kunisihi. "Mama, usikilize. Tukiandika kama hatuna mutu wa labo, kituo kinatoka kwenye liste, ile orodha ya bituo bya kifua. Na dawa ya kifua, kale kadogo kanatufikiaka, nako kanaenda. Niko na bagonjwa kumi na mmoja banakunywa dawa hapa. Batatembea mupaka wapi? Ndiyo maana tulimuacha muzee ukutani. Si kumuchezea. Eko anatusaidia tu."

Nilitaka kumkasirikia. Nilijitahidi, Papa. Lakini nje watu walikuwa wanamwita.

Tulikuwa bado tumesimama pale mlango ulipofunguliwa na mama mmoja akaingia bila kupiga hodi. Ni muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, jina lake Mama Kanyere, mwembamba kiasi kwamba kitenge kilimzunguka mara mbili. Alikuwa na karatasi tatu za matibabu mkononi, zote za kituo hicho hicho. Malaria, halafu bronkiti ya kawaida ya kifua, halafu bronkiti tena.

"Nakohoa tangu tulikimbia vita ya Sake," akamwambia Titulaire. "Dawa munanipatia, narudi nyumbani, kikohozi nacho kinarudi. Sasa natoka jasho mupaka kitanda kinalowa. Munipime basi."

Titulaire alinitazama mimi, kisha ile hadubini inayowaka taa, kisha akamwambia aende hospitali kubwa, huko kuna mashine ya kupima makohozi. Mama Kanyere akasema hospitali kubwa alishaenda, akapanga mstari tangu asubuhi, wakamwambia arudi na barua ya kituo, na aliporudi kituoni siku hiyo hakukuwa na mtu wa kuandika. Kisha akageuka kwangu, akaona fishi yangu na kalamu.

"Na weye, Mama, hii karatasi itanipatia dawa?"

"Hapana, Mama. Ni ya kuuliza tu."

"Kuuliza," akasema. Akakunja karatasi zake tatu.

Sisi wa fishi tumekatazwa kugusa wagonjwa. Tunaangalia, tunaandika, tunaondoka. Mimi nilitafuta kikopo chenye mfuniko, nikampeleka Mama Kanyere nyuma ya jengo, na nikafanya kama ulivyokuwa unafanya. Alikohoa hadi akashika ukuta. Titulaire akaandika barua. Nikafunga kikopo ndani ya mifuko miwili, nikapanda pikipiki nacho kwenda hospitali, huku nikimwambia dereva apunguze mwendo, naye akiuliza kama nimebeba mayai.

Mashine ilikuwa imezimwa. Umeme haukuwa umerudi tangu juzi yake, na mafuta ya jenereta yalikuwa ya chumba cha upasuaji. Mpokeaji wa sampuli hakuwa mbaya, alikuwa amechoka tu. Aliweka kikopo kwenye sanduku la barafu pamoja na vingine vingi, akasema nirudi. Nilirudi kesho yake. Nilirudi keshokutwa yake. Siku ya nne jibu likatoka, ni kifua kikuu, jibu lile ambalo wewe ungelipata siku ile ile, kabla ya chakula cha mchana, kama chupa ile ingekuwa na rangi na kiti kile kingekuwa na mtu.

Simu ya Mama Kanyere haikupatikana. Nikamtafuta sokoni ufukweni, wenzake wakanielekeza nyumbani. Nilimkuta amelala chumbani na wajukuu watatu, dirisha limezibwa na kartoni kwa sababu ya baridi. Nilipomwambia hakushika kichwa kama yule mama wa zamani. Alikasirika. "Miezi mingapi nimeingia na kutoka pale? Batoto nalala nabo! Munajua bile nimebapatia?" Alinifokea mimi, mwenye fishi, na nilisimama nikapokea, maana hakuna aliyekuwa amebaki wa kufokewa. Nilitoa lile kartoni dirishani. Sikujua kingine cha kufanya kwa mikono yangu.

Ameanza dawa. Titulaire alimpa ya mwezi mmoja, ndiyo iliyokuwepo. Dawa ya kuwakinga wajukuu haikuwepo kabisa, aliambiwa angojee.

Ikabaki fishi. Msimamizi wetu ni mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri hata siku za vumbi. Nilimpelekea karatasi zangu zikiwa na maandishi pembeni: chupa imekauka, mtu wa labo amefariki, mgonjwa amerudishwa mara tatu. Alizisoma zote, kusema kweli. Kisha akasema, "Masika, pembeni hakuingie kwenye komputa. Kuna ndiyo na hapana. Hadubini inawaka? Ndiyo. Chupa iko? Ndiyo. Jina liko? Ndiyo. Kile kituo kiko sawa."

"Jina ni la mutu aliyekufa."

"Basi lisingekuwa kwenye liste."

Papa, nilirudi Majengo siku hiyo hiyo. Nilimwambia Titulaire nakuja kufanya nini. Alinisihi tena, mara hii kwa ukali. Alisema mimi nitaenda nyumbani kula chakula cha mama yangu, na yeye atabaki na wagonjwa kumi na wawili wakimuuliza dawa iko wapi. Alikuwa anasema kweli. Lakini niliona wazi kwamba mradi jina lako liko pale, hakuna atakayetuma mtu mwingine. Kwenye komputa yao kiti kina mtu. Miaka mitatu umekaa kazini bila kupumzika, na makohozi hayasomwi.

Nikatoa ile orodha ndani ya plastiki na kulipiga jina lako mstari mmoja kwa kalamu ya bluu. Nikaandika tarehe ya kifo chako na kutia sahihi yangu. Kisha nikaweka hapana kwenye viboksi vyote vitatu vya fishi niliyorudishiwa, maana hadubini bila rangi na mtu haifanyi kazi. Mkono ulikuwa mzito kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi angalau tulikuwa wengi.

Unataka kujua kilichotokea baadaye. Ningependa kukuandikia kwamba walileta rangi na mtu. Barua imekuja kutoka ofisi ya kifua kikuu: labo ya kituo imefungwa kwa sasa, dawa zitaendelea kwa wagonjwa walioandikishwa, na makohozi ya watu wapya yatachukuliwa na pikipiki mara mbili kwa wiki kwenda kwenye mashine. Hilo la dawa nilishukuru. Titulaire alikuwa ameniogopesha nalo mpaka nikakosa usingizi. Lakini pikipiki hiyo haijaja. Hata mara moja. Nilipouliza, niliambiwa iko kwenye mpango. Titulaire ananisalimia kwa kichwa tu, kama mtu unayemjua lakini hukumbuki alikukosea nini.

Mimi nimerudi kwenye zamu zangu za hospitali. Jumatatu na Alhamisi natoka nyumbani mapema, napita Majengo, nachukua vikopo na kuvipeleka. Hakuna aliyenituma wala fishi inayonihesabu. Juzi vilikuwa vitano, viwili vikatoka na ugonjwa. Watu wananisifu, Mama Kanyere ndiye wa kwanza. Amenenepa kidogo na amerudi sokoni, na ananiita muganga mbele ya wenzake. Nachukia sifa hizo, Papa. Natamani wangepiga kelele badala yake. Wiki iliyopita nilikuwa na homa, sikuweza kuamka Alhamisi. Nilipofika Jumatatu vikopo vilikuwa bado pale, na mmoja wa waliokohoa ndani yake alikuwa ameshazikwa.

Pumzika sasa, Papa. Kazini hawakungojei tena. Mama anakusalimia bila kujua kwamba nimekuandikia.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Masika