Mwezi Umejaa na Faida Hajarudi

Jumatano, 13 Agosti
Nimeanika dagaa asubuhi, mchana nimegeuza. Nyumbani wote wazima: Bibi mzima ila magoti, Faida mzima, Amisi mzima, Riziki mafua yamepungua, na mimi mama yao mzima. Faida amepata kazi. Wazungu wawili wanaofanya kazi kambi ya wakimbizi wamepewa mapumziko ya majuma mawili, wanakwenda milima ya sokwe, wanataka mpishi ajuaye Kifaransa. Watakwenda kwa boti. Sipendi. Mwaka jana tulivuka ziwa hili toka kwetu Baraka, ng'ambo, tukikimbia vita. Nilisema hakuna wangu atakayepanda mtumbwi tena.

Alhamisi, 14 Agosti
Amekwenda. Kasema atarudi Jumapili. Akichelewa atatuma neno kwa wavuvi wa dagaa, wakirudi asubuhi. Nimekubali. Sikula.

Jumapili, 17 Agosti
Hajarudi. Upepo wa kusini toka jana. Ziwa jeupe kwa mawimbi. Naogopa.

Jumatatu, 18 Agosti
Toka alfajiri niko ufukweni Kibirizi nangoja wavuvi. Hata mmoja. Nimelia mbele za watu, sina haya. Mama Shukuru, Muha tunayeanika naye, akaja.
"Unangoja nani wewe?"
"Wavuvi. Wana habari za Faida."
"Na mwezi umejaa hivi? Taa zao zitamvuta dagaa gani? Wanaume wote wako ndani wanawasumbua wake zao." Akacheka. "Mama Faida, wewe si mwanika dagaa? Leo umeanika nini?"
Nikatazama mchanga. Mtupu. Siku zote hizi napita hapa, sikuona. Mimi na Faida wote tulisahau mwezi.
Nimepoa kidogo. Kidogo tu. Mwezi haumrudishi mtu.

Jumatano, 20 Agosti
Upepo umetulia. Boti la abiria bado, wanasema mashine imekufa. Bibi kanikataza kwenda ufukweni, eti natisha watoto. Nimemjibu vibaya. Baadaye nikamwomba radhi. Amisi kauliza kama dada yake amezama. Nikamzaba kofi, halafu nikampakata mpaka akalala.

Jumamosi, 23 Agosti
Jana giza lilitangulia mwezi, mitumbwi ikatoka. Asubuhi mzee mmoja akashuka na ndoo, anauliza Mama Faida ni yupi.
"Ni mimi, Mzee. Shikamoo."
"Marahaba. Binti yako anakusalimu sana. Mzima, tena amenenepa. Kesho yuko hapa."
Nikakaa chini mchangani. Mama Shukuru kaniletea maji, kaninawisha uso kama mtoto.

Jumapili, 24 Agosti
Karudi. Jua limemchoma. Kaleta chupa ya mawese.
Sokwe hawakuwaona. Mzungu mmoja alikuwa na mafua, na walinzi wa hifadhi hawamruhusu mwenye mafua awasogelee, mafua yetu yanawaua. Mwenzake akakataa kwenda peke yake. Basi wakaenda maporomoko. Wakaoga. Wakazamisha vichwa kutazama samaki wa rangi. Wakakaa na wanawake wanaokamua mawese, mzungu akazungusha mtambo mpaka viganja vikachubuka, akina mama wakamwita bwana harusi, eti anatafuta mke. Ule upepo ukawazuia. Ulipotulia, wakagoma kuondoka mpaka waone taa za wavuvi ziwani.
Faida ndiye aliyewasifia hizo taa. "Niliwaambia ni kama mji juu ya maji, Mama. Usiku tukatoka wote kutazama. Mwezi pwaa. Hakuna hata kibatari."
"Wakasema nini?"
"Wakaniuliza umeme umekatika?"
Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Na mimi nikacheka. Sijacheka hivi toka Baraka. Nilitaka kumgombeza, nikasahau.

Jumanne, 26 Agosti
Nimeanika. Dagaa wengi, wadogo, wazuri. Wale wazungu wamemwomba Faida aende tena mwezi ujao, wana wenzao wanaotaka kwenda. Aliniuliza huku anachambua mchele, hakuniangalia.
Nimesema nenda, mwanangu. Ila ukifika tu nitumie neno upesi, kwa mtu yeyote, usingoje wavuvi.