Kinu Kinasaga Tena, Baba

Baba,

Kinu chako cha maji kule Maragoli kinasaga tena. Nimeanza na hilo kwa sababu hata ulipokuwa hai hukuningoja nimalize salamu.

Huku Dubai bado nalinda ghala Jebel Ali, zamu ya usiku, na mchana nalala Al Qusais. Kulala! AC ikizima tu, naruka kitandani nikipiga kelele, "Maji! Nani amefunga maji?" Zuhura, Mzanzibari ninayeishi naye chumba kimoja, anaapa wallahi nina jini. Sina jini. Nina wewe.

Ulikuwa ukisema msagaji hulala kwa kelele, kimya ndicho kinachomwamsha. Mawe yakinguruma, ulikoroma. Tawi likikwama kwenye gurudumu, ulikuwa umeshasimama, taa mkononi. Nilikucheka sana. Kisha mimi, na kiburi changu cha mtu wa Dubai, nikakununulia mashine ya dizeli. Ati upumzike! Ukafunga mfereji wa kinu kwa sababu mwanao amesema. Tangu hapo kila nikipiga simu, saa yoyote, uko macho. "Kimya hiki, mwanangu, hakinipi usingizi." Nikakujibu utazoea. Hukuzoea. Mwaka haukuisha, ukaenda. Nisamehe, Baba. Mimi ndiye niliyekinyamazisha.

Musa, kitinda mimba wako, amebadilisha mbao zote zilizooza na kuyachonga mawe upya. Mara ya kwanza unga ulitoka moto, unanuka kuungua. Nikamwambia kwa simu ainue jiwe la juu kidogo, mawe yasibanane, kisha aupime unga kwa kuusugua kwa dole gumba kama ulivyotufundisha. Alibisha kwanza, si unamjua, halafu akainua.

Jana mchana alifungua mfereji akaacha simu juu ya gunia. Nikasikia maji, kisha mawe. Weh, nililia mpaka Zuhura akaniletea chai. Halafu nikalala, simu sikioni, usingizi ambao sijaupata tangu ufe.

Salio likaisha, mawe yakakatika sikioni. Nikashtuka nimeketi, mkono unapapasa ukutani, unatafuta taa yako.

Mkataba wangu ukiisha narudi mtoni, kwenye kinu chako, na ile mashine ya dizeli ataichukua anayeitaka. Kwaheri, mzee wangu. Lala sasa. Kikinyamaza, nitaamka mimi.

Mwanao,
Rhoda