Watani Wakae Mbali

Jumatatu, 3 Machi

Uji, dawa ya moyo, kiti cha dirishani. Miguu imevimba tena. Chibago akagonga mlango kwa fimbo yake kama kila asubuhi. "Mpagazi! Bado hujafa? Jembe langu linaota kutu!" Nikamwambia arudi kwao Ugogo akale mlenda. Binti yangu Veneranda alicheka jikoni. Babu zetu walianza kutukanana hivi enzi za misafara, Wanyamwezi wakipita Ugogo na mizigo begani. Chibago ndiye atakayenizika. Mtani huosha maiti, huchimba, kisha hulala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Wafiwa hucheka huku wanalia. Nautaka msiba wa namna hiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Gari la serikali limenifuata hapa Chemchem. Wataalamu kutoka Dodoma wanaandaa mpango wa taifa dhidi ya homa mpya ya kutoka damu. Iko ng'ambo ya mpaka. Haijafika. Lakini mabasi na malori hupita hapa Tabora, karibu njia ileile ya misafara. Wameniita Daktari. Tangu nistaafu hakuna aliyeniita hivyo mbele za watu. Nilifurahi kama mtoto.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesoma rasimu. Maabara, sawa. Karantini, sawa. Mazishi, hovyo. Maiti watachukuliwa na vijana waliovaa mavazi meupe mwili mzima. Watani hawatajwi popote. Nilimwambia kiongozi wa wataalamu: wafundisheni watani, wavisheni wao hayo mavazi, watu watawapokea. "Mzee wetu, hii ni sayansi, siyo ngoma." Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Kwa nini nilicheka?

Jumanne, 11 Machi

Zoezi la mazishi, kijijini Ntalikwa. Jeneza lenye gunia la mchanga ndani. Vijana wakashuka kwenye pikapu bila hata salamu, wakabeba, wakaondoka. Watoto walicheka. Kisha mama mmoja akasema kwa sauti: "Wangu hachukuliwi hivyo. Nitamficha!" Wenzake wakamuunga mkono. Nilisikia vizuri. Kiongozi alikuwa anapiga picha. Jioni akaniambia zoezi limefanikiwa sana.

Alhamisi, 13 Machi

Redioni. Walitaka sauti ya mzee anayeaminika. Nikasoma walichoandika: watani wakae mbali na maiti, maiti yeyote, kuanzia leo. Homa yenyewe haijavuka mpaka. Nilijua ni kosa. Nilisoma vizuri, wala sikukohoa. Moyo huu hautanifikisha mbali, na sitaki kufa nikijidanganya, kwa hiyo naandika: hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu kuitwa Daktari tena.

Ijumaa, 14 Machi

Chibago hakuja.

Jumatano, 19 Machi

Hajaja bado. Veneranda amerudi sokoni na habari. Bibi mmoja amefariki Ntalikwa. Pengine malaria, pengine uzee. Hakuna anayejua, maana wanawe walimzika nyuma ya nyumba kabla hakujapambazuka. Hawakulia, hawakumwambia hata balozi wa nyumba kumi. Safari hii si homa ile, haijavuka mpaka. Ikifika, wataosha maiti zao gizani, mikono mitupu, na sisi hatutaambiwa. Hiyo ndiyo kazi ya sauti yangu.

Nimepiga simu Dodoma. Nikaomba nirudi redioni nirekebishe. Kiongozi alikuwa mpole sana. Mpango umeshachapishwa, akasema. Picha yangu imo, imetoka vizuri.

Jumapili, 23 Machi

Chibago amekuja baada ya misa. Sikusikia hodi yake, nilimwona tu amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

Tumezaliwa mwaka mmoja. Hajawahi kuniamkia maishani mwake.

Nikamwita mla mlenda. Nikasubiri. Akasema Mungu anijalie nafuu. Nikamwita mwizi wa kuku wa matanga. Akatazama sakafu.

Nikamuuliza nani atanizika.

"Wenye nguo nyeupe, mzee. Ulisema mwenyewe."

Hakuwa na hasira. Hasira ningeiweza. Veneranda akaleta chai. Akainywa yote, akashukuru, akakaa kidogo kama wanavyokaa wageni. Nje mvua ilikuwa nyepesi. Tuliisikiliza.

Alipoaga aliiinua fimbo, akaibeba mkononi hadi mlangoni, isigonge sakafu.

Nikaitikia marahaba. Nilikuwa bado sijaitikia shikamoo yake.