Kadi ya Namba Sita

3 Machi

Kimya wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Mimi mwili mzima, ila pua na ulimi havijafufuka tangu yale mafua. Kila ninachokula ni kama kutafuna karatasi.

Bosi hajui. Chokoleti na peremende zetu zinatoka nchi za mbali, maandishi yake hakuna anayeyasoma. Mimi ndiye ninayeonja na kuandika kadi ya kuweka rafuni, mteja ajue ananunua nini. Akigundua siwezi, nimeisha. Dereva wa duka atakuletea vipande vyenye namba. Onja, uniandikie. Usione haya, hakuna atakayekusikia.

Dada yako

9 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima. Tangu nimalize shule nipo tu nyumbani, nashinda na Mama.

Nimeonja. Namba moja ni tamu. Namba mbili ni tamu pia. Namba tatu ni tamu, halafu inawasha kidogo. Samahani, nimekaa muda mrefu na kalamu na sikupata neno lingine.

Mdogo wako

14 Machi

Kimya,

Salamu nyingi. Tamu, tamu, tamu! Ukiniandikia hivyo, duka lote litakuwa gunia moja la sukari. Mpe Mama aonje. Mama alikuwa akijua mboga imezidi chumvi kabla hajafunua sufuria. Andika asemavyo, neno kwa neno, usiongeze lako.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Hatujambo. Mama amekubali, amefurahi kuombwa kazi.

Namba nne: "Chungu, kama chakula kilichoungulia." Namba tano: "Kama kulamba ufunguo." Nilicheka, yeye hakucheka. Mimi niliziona tofauti, lakini umesema nisiongeze langu.

Mdogo wako

2 Aprili

Kimya,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Mimi si salama sana.

Mteja amerudi na namba nne. Kadi ilisema ni chungu, akamnunulia mzee wake asiyetaka sukari, mzee akaitema. Bosi akavunja kipande mbele ya wenzangu, akatafuna. "Hii ni maziwa na asali. Wewe uliionja kweli?" Nikatazama viatu vyangu. Amenipa nafasi moja tu: kadi ya namba sita. Nakutumia.

Lakini kinachoninyima usingizi si bosi. Maziwa na asali, Mama ameyaonja kama kitu kilichoungulia. Nikipiga simu anaichukua yeye, ananiambia wazima, wazima, anakata. Mama ana nini? Niambie wewe.

Dada yako

7 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Safari hii siandiki kwamba hatujambo.

Mama anaumwa. Alinikataza kukwambia, akisema utaacha kazi. Dawa za hospitali zimemharibu kinywa, hata maji anasema yana kutu. Nguo zinampwaya. Kitanda chake nimekisogeza dirishani.

Nilimsomea barua yako hadi pale bosi alipokupa nafasi, nikaishia hapo. Kisha akaomba namba sita. Nikamshikia kipande. Alitafuna polepole, akameza yote, akafuta midomo. "Mwandikie ni tamu," akasema. "Tamu sana, hata mtoto ataipenda." Akageukia ukutani.

Nikaonja kipande changu. Dada, ni chungu. Ni nyeusi, inakausha ulimi kama chai iliyosahaulika jikoni, na utamu wake unakuja mwisho kabisa, mdogo, ukishakata tamaa. Nadhani Mama alidhani uchungu wote ni wa kinywa chake, akaumeza ili wewe ubaki na kazi. Sikumwambia.

Kadini andika chungu. Hilo ni neno langu mimi, si lake.

Kisha uje. Bosi akikataa, uje hivyo hivyo. Leo asubuhi Mama hakutaka hata maji.

Nimekuwekea kipande kimoja cha namba sita kwenye kikombe cha Mama, kimefunikwa. Najua hutasikia ladha. Utakaa pale kitandani, mimi nitakaa kando yako, nikuambie.

Mdogo wako